Badala ya Hundi, Vyuo Vitoe Oda

Katika mwaka wa masomo 2009/2010, serikali ya Tunisia iliwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada kuandika andiko la biashara badala ya tasnifu ya kumalizia chuo. Hawakuachwa peke yao. Walipewa mafunzo ya biashara, wakapangiwa washauri wa kukaa nao mmoja mmoja, na walimu wao wakaisimamia kazi hiyo kama wanavyosimamia utafiti wowote. Mwishoni kulikuwa na shindano la andiko bora, lenye nafasi ya kupata mtaji wa kuanzia. Walioomba kushiriki walikuwa 1,702, na 856 kati yao wakachaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Waliobaki waliendelea na tasnifu zao za kawaida.

Kwa kuwa kura ndiyo iliyowagawa, watafiti waliweza kuyalinganisha makundi yale mawili bila wasiwasi kwamba kundi moja lilikuwa na vijana wenye juhudi kuliko jingine. Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, walioandika maandiko ya biashara walikuwa wamejiajiri kwa wingi kidogo kuliko wenzao, lakini idadi ya wenye kazi kwa jumla haikubadilika. Miaka minne baadaye hata tofauti ile ndogo ilikuwa imefutika.

Naileta habari hii hapa kwa sababu Watunisia walilifanya jambo hili kwa uzito kuliko tunavyolifanya sisi Tanzania, na bado hawakupata walichokitafuta. Mashindano mengi ya biashara katika vyuo vyetu yana fomu ya kujaza mtandaoni, semina ya siku mbili, slaidi kumi, dakika tano mbele ya majaji, kisha mfano wa hundi na picha ya pamoja na mgeni rasmi. Ikiwa miezi ya ushauri wa karibu haikuzaa biashara zinazodumu kule, semina ya wikiendi haiwezi kuzizaa katika vyuo vikuu vya Mlimani (Dar es Salaam), Mzumbe wala Dodoma.

Na mashindano yenyewe si machache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha ubunifu na ujasiriamali. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ina kituo cha ubunifu cha Buni Hub. Tangu 2019 Wizara ya Elimu inaendesha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambamo vyuo vikuu vina kundi lao. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2021, unavitaka vyuo vihuishe mitaala na kuisogeza karibu na soko la ajira, na ujasiriamali ni sehemu ya safari hiyo. Ongeza benki, kampuni za simu, balozi na mashirika yanayofadhili tuzo zao wenyewe. Nguvu ipo, fedha kiasi ipo, na vijana wanajitokeza kwa moyo. Kwa hiyo sitaki mashindano yafutwe. Nataka tubadilishe mambo mawili: kinachopimwa na kinachotolewa kama zawadi. Mshindi apatikane kwa mauzo aliyokwisha kufanya, na zawadi yake kubwa iwe oda ya kweli kutoka kwa mnunuzi wa kweli, na mnunuzi wa kwanza awe chuo chenyewe.

Kabla ya kufika huko, tuangalie kwanza fedha inafanya nini na majaji wanafanya nini, maana tunavichanganya.

Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua unatoka Nigeria. Mwaka 2011 serikali ya Rais Goodluck Jonathan ilizindua YouWiN!, shindano la maandiko ya biashara kwa vijana wa nchi nzima. Waombaji wa awamu ya kwanza walikaribia 24,000. Washindi walikuwa 1,200, na kila mmoja alipata wastani wa dola 50,000 hivi, zikitolewa kwa mikupuo minne kadiri kazi ilivyosonga mbele. Wenye alama za juu kabisa walipita moja kwa moja, lakini washindi 729 walipatikana kwa kura kutoka kwa watu 1,841 waliofika nusu fainali. Mchumi wa Benki ya Dunia, David McKenzie, akawafuatilia wote, walioshinda kura na walioikosa, kwa zaidi ya miaka mitatu.

Matokeo yalikuwa makubwa. Miongoni mwa waliokuwa wanaanzisha biashara mpya, uwezekano wa mshindi kuwa na biashara inayoendelea miaka mitatu baadaye ulikuwa juu kwa pointi 37 za asilimia kuliko wa mwenzake aliyekosa, na uwezekano wa kuwa na wafanyakazi kumi au zaidi ulikuwa juu kwa pointi 23. Sijui mpango mwingi wa vijana Afrika uliopimwa kwa ukali namna hiyo ukatoa matokeo ya namna hiyo. Anayesema kwamba fedha haisaidii na kwamba vijana wanachohitaji ni kubadilishwa fikra tu, na aanze kwa kuzijibu takwimu hizo.

Kisha likaja swali la pili, na hapa ndipo waandaaji wa mashindano wanapotakiwa kukaa chini na kusoma taratibu. McKenzie na mwenzake Dario Sansone waliuliza: alama walizotoa majaji zilitabiri nani atafanikiwa? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 walionyesha kwamba, kwa walioshinda, alama za andiko hazikuwa na uhusiano wowote na kudumu kwa biashara, idadi ya wafanyakazi, mauzo wala faida miaka mitatu baadaye. Wakajaribu pia kutumia kompyuta zinazojifunza zenyewe kutokana na takwimu, nazo hazikufua dafu. Haina maana kwamba mchujo wa mwanzo ni bure, kwa sababu watu hawa walikuwa wamekwisha kuchujwa kutoka kwenye maelfu. Maana yake ni kwamba ukishawaondoa wasiojiandaa, kumpa mmoja 78 na mwingine 84 ni kubahatisha. Na mashindano yetu ya vyuo yamejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo ya 78 na 84: mmoja anaondoka na kila kitu, wa nne anaondoka na cheti.

Marekani hali imeonekana tofauti kidogo, na ni haki niseme. Sabrina Howell alichunguza mashindano 87 ya kule yenye kampuni changa zaidi ya 4,000, akakuta kwamba nafasi walizopewa na majaji zilikuwa na uhusiano na mafanikio ya baadaye, na kwamba kushinda kulimsaidia mtu kupata wawekezaji. Alikuta jambo jingine ambalo kwangu lina thamani zaidi. Katika baadhi ya mashindano washiriki waliambiwa wameshika nafasi ya ngapi, katika mengine hawakuambiwa. Wa nafasi za chini walioambiwa ukweli waliachana na biashara zile kwa wingi zaidi kuliko wa nafasi za chini waliofichwa. Yaani majibu ya wazi yaliwaokoa watu miaka ya kuhangaika na wazo lisilobeba. Sasa fikiria ni vijana wangapi wanaoshiriki kwetu na kurudi hosteli bila kuambiwa hata mstari mmoja wa kwa nini walikosa.

Tofauti ya Marekani na kwetu inaeleweka ukiangalia kilicho nyuma ya jukwaa. Shindano maarufu la MIT lilianza mwaka 1990 na zawadi ya dola 10,000, likapanda hadi 50,000, na baadaye 100,000. Mwaka 1998 timu moja iliyofika fainali bila kushinda ilikuwa ya Tom Leighton, mwalimu wa hisabati, na Daniel Lewin, mwanafunzi wake. Kampuni yao, Akamai, iliuza hisa zake sokoni mwaka uliofuata, 1999, na mpaka leo inabeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti duniani. Lakini shindano halikuizaa Akamai. Ilizaliwa katika miaka ya utafiti wa hisabati kuhusu namna ya kugawa mzigo kwenye mitandao, na ilikulia katika mji wenye wanasheria wa hataza (haki za uvumbuzi), wawekezaji na wateja wakubwa waliokuwa tayari kununua teknolojia ambayo haijawahi kutumika. Jukwaa lilikuwa mahali pa kukutana tu. Sisi tumelichukua jukwaa, na kukutana kwenyewe hakupo, kwa sababu ukumbini mwetu mara nyingi hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kununua.

Basi majaji wetu wanapima nini? Wanapima andiko na uwasilishaji, na vyote viwili kwa kawaida viko kwa Kiingereza. Kijana anayetaka kuuza chakula cha kuku kwa wafugaji wa Kibaha, au mkaa mbadala kwa mama ntilie wa Tandale, anatakiwa athibitishe uwezo wake kwa lugha ambayo hatamwuzia nayo mteja hata mmoja. Anayeshinda ni aliyesoma shule iliyomzoesha kusimama na kuzungumza Kiingereza mbele ya watu. Mwenzake wa shule ya kata, ambaye pengine amekuwa akiuza gengeni kwa mama yake tangu darasa la nne, anapoteza alama kwa kigugumizi cha lugha, si cha biashara. Hili linaniuma kuliko mengine yote kwa sababu dawa yake haina gharama: ruhusuni Kiswahili, na muulizeni maswali ambayo mteja wake angemuuliza.

Halafu kuna hesabu za soko. Karibu kila andiko lina ukurasa unaosema Tanzania ina watu 61,741,120 kwa sensa ya 2022, na kwamba tukipata asilimia moja tu tutakuwa na wateja zaidi ya 617,000. Mwandishi wake hajawahi kumwuzia mtu hata kumi. Simlaumu, kwa sababu fomu ndiyo iliyomwuliza ukubwa wa soko na haikumwuliza nani amelipa. Fomu ikiuliza mauzo ya wiki iliyopita, majina ya mitaa aliyopita, bei aliyoanza nayo na bei aliyoishia nayo baada ya watu kukataa, utapata andiko la aina nyingine na mshindi wa aina nyingine.

Na sasa andiko limepoteza hata ule ushahidi mdogo liliokuwa nao. Zamani kurasa thelathini zilizopangwa vizuri zilionyesha angalau kwamba mtu alikaa akafikiri, akatafuta takwimu, akahangaika na jedwali la mtiririko wa fedha. Tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili mnemba zinaandika kurasa hizo kwa dakika chache, pamoja na uchambuzi wa washindani na makadirio ya miaka mitano, kwa Kiingereza kisicho na kosa. Chuo kinachoendelea kutoa fedha kwa kigezo cha andiko kinamzawadia mwenye bando. Kitu ambacho programu haiwezi kukutengenezea ni mtu mwingine aliyetoa hela yake mfukoni akakupa.

Tuhamie kwenye zawadi. Tuseme ni shilingi milioni 5, na timu ina watu wanne. Fedha inaingia mwezi Mei, mitihani ya mwisho wa muhula (UE) iko mlangoni. Wawili ni wa mwaka wa tatu, wanahitimu. Mmoja anarudi Bukoba, mwingine anaanza kutafuta kazi akijua familia inamsubiri na deni la bodi ya mikopo, HESLB, lipo. Waliobaki wanakwenda mafunzo ya vitendo (field). Oktoba wanaporudi hakuna timu, hakuna mteja, na ile hela imelipia laptopu, nauli na madeni madogo madogo. Hakuna aliyeiba. Kilichotokea ni kwamba zawadi ilikuwa kubwa kiasi cha kugawana na ndogo kiasi cha kutoweza kumfunga mtu kwenye biashara, na hakukuwa na mtu yeyote nje ya timu aliyekuwa anasubiri bidhaa. Mtu mwenye oda ya kupeleka katoni ishirini Ijumaa haachi biashara yake Alhamisi. Mwenye hundi tu anaweza kuiacha siku yoyote.

Wakati mwingine zawadi inaongeza mzigo. Mfadhili anataka washindi wawe na kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ili fedha ipite benki kwa jina la kampuni. Vijana wanasajili. Hakuna aliyewaeleza kwamba kampuni ina ritani (taarifa) za kila mwaka BRELA na ritani za kodi kwa mamlaka ya mapato, TRA, hata kama haijauza kitu, wala kwamba kwa hatua waliyopo jina la biashara la mtu mmoja lingetosha, na mfanyabiashara mdogo asiye kampuni anakadiriwa kodi kwa mauzo ghafi, na akiwa chini ya shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi hiyo ya mapato. Miaka miwili baadaye timu imeshasambaratika lakini kampuni bado inadaiwa faini za kuchelewesha ritani. Kitivo cha sheria na kitivo cha biashara viko chuo hicho hicho, na wangeweza kuwaambia hayo kwa nusu saa.

Wakati huo huo, chuoni kuna wafanyabiashara wa kweli ambao hawaingii kwenye mashindano kabisa. Nenda hosteli yoyote jioni. Kuna anayeuza ubuyu na kashata kwenye ndoo, anayesuka nywele kwa miadi, anayeleta mitumba ya daraja la kwanza kutoka Karume na kuipiga pasi kabla ya kuipiga picha, anayetengeneza simu, anayechukua mzigo Kariakoo kama winga (mtu wa kati) na kuuza kwa faida ya elfu tatu tatu. Hawa wana wateja, wana madaftari ya madeni, wanajua bei inapopanda na inaposhuka bumu (fedha ya kujikimu) linapoingia na linapoisha. Wengi ni wasichana wanaojisomesha. Na katika hosteli nyingi biashara ya chumbani ni kosa linaloweza kukuondoa kwenye chumba. Chuo kinawaita ukumbini wenye mawazo na kinawafukuza kwenye korido wenye mauzo. Ninaelewa sababu za moto, usafi na utulivu wa kusoma. Lakini jibu la sababu hizo ni kuwatafutia vibanda vya bei nafuu na saa maalumu, kisha kuwaambia kwamba rekodi zao za mauzo ndizo tiketi ya shindano.

Sasa oda. Chuo kikuu ni soko kubwa ambalo mara chache tunaliona kama soko. Kinanunua sabuni ya maji ya vyoo na majiko, karatasi, uchapishaji wa vitabu vya mitihani, fulana za mahafali, chakula cha mikutano ya seneti, mboga na matunda ya kantini, miche ya bustani, matengenezo ya kompyuta, mifumo midogo ya kidijitali, picha na video za matukio. Vingi kati ya hivyo mwanafunzi wa kemia, kilimo, TEHAMA au sanaa anaweza kuvitengeneza au kuvitoa kwa kiwango kinachokubalika. Na kwa vyuo vya umma sheria iko upande wetu: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Chuo cha umma ni taasisi nunuzi kama halmashauri au hospitali ya rufaa. Kwa hiyo hatuombi fadhila yoyote. Tunaomba sheria iliyopo itekelezwe kwa vijana walio karibu zaidi na mnunuzi, wale waliomo ndani ya uzio wake.

Hebu tulifuate jambo hili kwa mfano wa sabuni. Wanafunzi watatu wa kemia wanatengeneza sabuni ya maji. Shindano la kawaida lingewataka waandike jinsi watakavyolishika soko la Afrika Mashariki. Shindano ninalolipendekeza lingewaambia: chuo kinanunua lita kadhaa kwa mwezi, bei ya sasa ni hii, kipimo cha ubora ni hiki, leteni lita ishirini wiki ijayo zijaribiwe kwenye majengo mawili. Wahudumu wa usafi watoe maoni yao, maana wao ndio wanaojua sabuni inayotoa povu na inayokausha mikono. Timu ikifaulu, shindano linawasaidia kupata barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambayo kwayo shirika la viwango, TBS, huwapa wajasiriamali wadogo nafuu ya gharama za alama ya ubora, linawasaidia kusajili kikundi cha vijana na kuingia kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS, na kisha wanapewa oda ndogo ya miezi mitatu. Wakipeleka kwa wakati, inaongezwa. Wakishindwa, wameshindwa kwa sababu wanayoijua, na lita ishirini hazijamfilisi mtu.

Oda ina kazi nyingine ambayo hundi haiwezi kuifanya. Ukienda benki au kwa mfadhili na barua inayosema umeshinda shindano, unapongezwa. Ukienda na oda ya ununuzi yenye muhuri, mazungumzo yanakuwa ya mtaji wa kutimiza oda, kiasi gani, unarudisha lini. Hata ile mikopo ya halmashauri kwa vikundi, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, inamwangalia kwa jicho tofauti kikundi chenye mnunuzi kuliko kikundi chenye ndoto.

Wapo watakaosema kwamba njia hii itafungua mlango wa kujuana, kwamba mtoto wa mkuu wa idara ndiye atakayepata oda. Hofu hiyo ni ya haki, lakini jukwaani kujuana kunajificha vizuri zaidi, kwa sababu alama za uwasilishaji hazina kipimo. Sabuni ina kipimo. Bei ina kipimo. Mfumo wa ununuzi unaacha kumbukumbu ambazo mkaguzi anaweza kuzifungua, na matokeo ya majaribio yakibandikwa ubaoni kila timu itajua ilishindwa na nani na kwa nini.

Hofu kubwa kuliko hiyo, kwangu, ni malipo. Kenya ina utaratibu kama huu wa asilimia 30 kupitia AGPO, mpango wa zabuni za serikali kwa makundi maalumu, tangu 2013, na kilio kinachorudiwa na vijana na wanawake waliopata zabuni ni kucheleweshewa malipo. Kampuni kubwa inaweza kuidai serikali miezi minane na kuendelea kuishi. Kikundi cha wanafunzi kilichokopa laki nne kununua malighafi kinakufa mwezi wa pili. Hapa ndipo fedha ya mfadhili inapopata kazi yake halisi. Benki iliyokuwa itoe milioni 5 kwa mshindi mmoja iziweke kwenye mfuko mdogo wa mzunguko: timu ikikabidhi mzigo na ikasainiwa hati ya mapokezi, mfuko unailipa ndani ya siku saba, na chuo kinaurudishia mfuko hapo kitakapolipa. Milioni 5 hizo hizo zinaweza kuzunguka mara kadhaa kwa mwaka na kuhudumia timu nyingi. Mfadhili bado atapata picha yake, na safari hii nyuma yake kutakuwa na madumu ya sabuni yaliyolipiwa.

Si kila wazo linauzika kwa chuo, najua. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye mashine ya kubangua korosho anamhitaji mkulima wa Mtwara na chama cha msingi cha ushirika, na pengine miaka ya kurekebisha mashine. Kwa huyo ruzuku ya kweli inahitajika, yenye mikupuo kama ya Nigeria, na kwa watu wengi kidogo kidogo kuliko mmoja kwa wingi. Tony Elumelu Foundation, taasisi ya tajiri wa Nigeria, imekuwa ikifanya hivyo tangu 2015 kwa dola 5,000 kwa kila anayechaguliwa, watu kwa maelfu barani kote. Ukikubali kwamba hakuna jaji anayemjua mshindi wa kesho, kugawa kwa wengi waliovuka mchujo ndiyo njia ya busara, na hata kura baina yao si aibu.

Tena tunao mfano wetu ambao hausifiwi inavyostahili. Mwaka 2011, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wahitimu waliunda SUGECO, ushirika wa wahitimu wajasiriamali. Ushirika unamwekea mhitimu kitu cha kudumu: wenzake wa kufanya nao kazi, vitalu nyumba vya kujifunzia, mafunzo kwa vitendo ndani na nje ya nchi, na jina la pamoja la kwenda nalo kwa mnunuzi au serikalini. Hakuna anayetangazwa bingwa. Vyuo vingine vingejifunza mengi Morogoro kuliko Boston, na nauli ya kufika Morogoro ipo.

Lipo jambo moja ambalo kila chuo kinaweza kulianza bila kusubiri fedha ya mtu, nalo ni kuwafuatilia washiriki. Kila mwaka kitoe ukurasa mmoja: walioshinda miaka mitatu iliyopita wako wapi, biashara ngapi bado zinauza, zimeajiri wangapi, na walioshindwa je? Bila swali hilo la mwisho hatutajua kamwe kama shindano lilifanya kazi yoyote, kwa sababu vijana wenye bidii wangeweza kufanikiwa hata wasingepanda jukwaani. Watunisia na Wanigeria waliweza kuujua ukweli wao, mtamu kwa mmoja na mchungu kwa mwingine, kwa sababu waliwahesabu walioshindwa.

Kalenda nayo inaruhusu. Mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba, mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mpango wa ununuzi wa mwaka huandaliwa kabla ya Julai. Chuo kinachotangaza mahitaji yake Novemba, kikawaacha wanafunzi wajaribu na kuuza kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kikatoa matokeo Aprili, kitakuwa na muda wa kuwaingiza waliofaulu kwenye mpango wa Julai. Kinachohitajika kuanza ni maelekezo ya Makamu Mkuu wa Chuo kwa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi: orodha ya vitu vyote ambavyo chuo kinanunua kila mwezi, kwa kiasi gani na kwa bei gani, ibandikwe kwenye mbao za matangazo na kwenye tovuti ya chuo, kwa Kiswahili, kabla Novemba haijaisha.